Tovuti imefungwa, au mega zimeisha? Jibu kwa kijana wa kioski, komini Kenya

"Yaya, salamu. Mimi niko na kioski hapa Lubumbashi, komini Kenya, si mbali na soko. Ninajazia watu filamu na miziki kwenye flashi na kadi memori. Tovuti ninayopakulia filamu imekataa kufunguka tangu juma lililopita. Rafiki mmoja anasema serikali imeifunga sababu ya ile sheria mpya ya numérique. Mwingine anasema niweke VPN, kila kitu kitarudi. Halafu mtoto wa shangazi yangu anaimba nyimbo za Mungu. Wimbo wake umewekwa kwenye tovuti ya bure bila yeye kuulizwa, na sasa anataka serikali ifunge tovuti kama hizo zote. Mimi ninaogopa: wakizoea kufunga, kesho watatufungia WhatsApp kama mwisho wa 2018. Kati yetu nani ana haki? Na hii kazi yangu, ni kosa?"

Mdogo wangu, nianze na lile litakalokuuma, maana nikiliweka mwishoni utasema nilikuwa nalificha. Ndiyo, kuuza nakala za filamu na nyimbo bila ruhusa ya wenyewe ni kosa kwa sheria ya Kongo, na halikuanza jana. Rafiki yako anataja Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, yaani ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria ya haki za watunzi ni ile namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, enzi za kaseti, nchi ikiitwa Zaïre. Faini zake zimehesabiwa kwa pesa ya zaïre, ambayo leo utaikuta kwa wauza vitu vya kale tu. Watu wakiona faini imechakaa wanadhani na kosa limechakaa. Sivyo. Hata ukiacha faini, mwenye wimbo anaweza kukudai fidia kwa kifungu cha 258 cha sheria ya madai, kile kile anachotumia jirani ambaye umemgongea ukuta: umemletea mwenzako hasara, uilipe.

Nimesema hayo bila kukuhukumu. Mimi mwenyewe nimekua kwa kaseti za kunakiliwa, na kwa miaka mingi hapa kwetu hapakuwa na duka la kununua filamu halali hata kama pesa unayo. Ila kuelewa kwa nini watu wanafanya jambo hakulifanyi kuwa halali, na wewe umeuliza swali la moja kwa moja.

Sasa hiyo tovuti. Kabla ya kuitaja serikali, soma kwanza kioo cha ordinatere (kompyuta) yako. Watu tisa kati ya kumi wanaoniambia "wamefunga" hawajasoma maandishi yaliyotokea. Ikiandika "Votre connexion n'est pas privée", angalia tarehe ya masini. Betri ndogo ya ndani ikifa, ordinatere inarudi 2010 bila kukuambia, na tovuti zote salama zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vinaonekana ni vya miaka ijayo. Nimeirekebisha hitilafu hiyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara mwenye masini alikuwa na hakika kwamba ni siasa. Ikitokea DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, maana yake jina la tovuti halijulikani: labda mwenyewe hakulipia jina, labda amenyang'anywa na mahakama ya ng'ambo, labda mtandao wako umeagizwa ujifanye haulijui. Ikizunguka dakika nzima halafu ikaandika kwamba muda umekwisha, basi anwani inajulikana lakini njiani kuna aliyenyamaza. Na mara chache utaona namba 451, ambayo wahandisi waliitenga tangu mwisho wa 2015 kwa ajili ya kurasa zilizoondolewa kwa sababu ya sheria. Hiyo ndiyo ya waungwana, maana inakuambia ukweli.

Kipimo cha pili hakina gharama. Chukua simu ya jirani yenye kadi ya opereta mwingine, jaribu tovuti ile ile. Kwake ikifunguka na kwako ikakataa, kasoro iko kwa opereta wako. Ikikataa kwa opereta wote wa hapa lakini ndugu yako wa Ndola, kule Zambia, au wa Brussels anaifungua, hapo sasa una sababu ya kushuku kufungwa. Ikikataa kwa wote, hata kwa wa Brussels, tovuti imekufa au imehama. Na tovuti za filamu za bure zinahama kuliko lokateri (mpangaji) anayedaiwa kodi: leo jina linaishia hivi, kesho vile. Kwa maelezo uliyonipa, ningeweka pesa yangu kwenye hilo la mwisho.

Nikueleze jinsi kufunga kunavyofanyika, kwa sababu ubishi wenu wote watatu umekaa hapo. Chukua mgeni anayetafuta parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, komini Kenya. Kwanza anauliza kituoni: "Kwa Mama fulani ni wapi?" Anajibiwa: avenue hii, namba hii. Kuuliza huko ndiko DNS: ordinatere yako inalijua jina, seva inalijibu kwa namba. Pili, mgeni anaenda kwenye namba yenyewe, yaani anwani ya IP. Tatu, akifika getini anataja anayemtaka, kwa sababu parsele moja ina lokateri wengi. Kwa tovuti salama, barua yenyewe imefungwa ndani ya bahasha, lakini jina la mlengwa kwa kawaida bado limeandikwa juu ya bahasha na mpita njia anaweza kulisoma.

Anayetaka kufunga ana sehemu hizo tatu. Anaweza kumwambia mtu wa kituoni ajibu uongo. Anaweza kuziba geti. Au anaweza kuweka mlinzi anayesoma kila bahasha, ambaye ni ghali na macho yake yanaona mengi kuliko aliyotumwa kuona.

Kabla sijaanza kufundisha mitandao nilifanya kazi kwa mtoa intaneti mmoja, jina lake halitusaidii hapa, na nimeshafunga tovuti kwa mkono wangu. Orodha ilikuja kwenye karatasi moja yenye mhuri. Nilifungua faili, nikaandika jina la tovuti, mbele yake nikaweka 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya masini kujirudia yenyewe, nikaiwasha upya huduma. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Mwenzangu wa zamu akapewa mstari uliofuata, blogi moja iliyokuwa imepanga kwenye huduma ya blogi za bure. Yeye badala ya kuandika jina kamili akaweka nyota, alama ya "chochote", mbele ya jina la huduma nzima. Nyota moja tu, na maelfu ya blogi zisizohusika zikazimika kwa wateja wetu wote: mapishi, mahubiri, matangazo ya msiba. Tuligundua siku ya pili, baada ya padri mmoja kupiga simu kuuliza mafundisho yake yana kosa gani.

Hakuna aliyetutuma kuwafunga wale watu. Na hili silielezi kwa kuwa sisi tulikuwa wazembe kuliko wengine. Mwaka 2013 shirika moja la serikali ya Australia lilitaka kufunga tovuti ya matapeli, likaziba anwani ya IP. Anwani ile ilikuwa parsele ya lokateri zaidi ya 1,200, akiwemo chuo huria cha Melbourne, na wote wakazimika pamoja na tapeli. Italia ilianzisha mtambo wake dhidi ya matangazo ya wizi ya mpira Februari 2024, ukiwapa watoa intaneti dakika 30 kuitikia. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo ukafunga jina moja linalotumiwa na Google Drive, na watu wakashindwa kupakua mafaili yao ya kazi. Kubwa kuliko zote ni ya Pakistan. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni yao ya simu iliamriwa kuifunga YouTube, ikatangaza ndani ya mtandao wake kwamba njia ya YouTube inapita kwake, ili wote wanaoitafuta waingie shimoni. Tangazo likavuja nje. Mitandao ya dunia ikaliamini, na kwa muda wa kama saa mbili YouTube ikapotea hata kwa watu ambao hawajui Pakistan iko upande gani.

Kwa hiyo mtoto wa shangazi yako anaposema "wafunge zote", ninamwelewa hasira yake, na sheria iko upande wake juu ya wimbo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 46, inasema wazi kwamba haki za watunzi zinalindwa. Lakini katiba hiyo hiyo, vifungu vya 23 na 24, inalinda uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Kitufe cha kufungia anachokiomba hakisikii wimbo ni wa nani. Kinachoona ni jina na namba. Aliyekishika ndiye anayeamua jina gani linaingia kwenye orodha, na karatasi niliyoletewa mimi siku ile ilikuwa na tovuti za aina mbalimbali ndani yake, mstari mmoja chini ya mwingine, bila sababu kuandikwa mbele ya hata mmoja.

Ndiyo maana nchi zilizofikiri vizuri juu ya jambo hili hazikubishana sana kama kufunga kunaruhusiwa. Zilibishana juu ya nani anaamuru na kwa kipimo gani. Uingereza, mwaka 2011, wenye filamu walikwenda mahakamani wakaitaja tovuti moja kwa jina, Newzbin2, wakaleta ushahidi, jaji akaiamuru BT, mtoa intaneti wa huko, iifunge. Ubelgiji nako SABAM, shirika lao la haki za watunzi, ambalo wanamuziki wetu wazee wanalifahamu sana, lilitaka mtoa intaneti Scarlet achuje mawasiliano ya wateja wake wote kutafuta nyimbo za wizi. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ikakataa tarehe 24 Novemba 2011: tovuti moja iliyothibitishwa ni jambo moja, kumpekua kila mteja kila saa ni jambo jingine. Marekani nako kulikuwa na muswada wa SOPA, uliotaka majina ya tovuti za kigeni yafutwe kwenye DNS. Wahandisi wakapinga kwamba unafundisha mtandao kusema uongo. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ikajifunga yenyewe saa 24, na siku mbili baadaye wabunge wakauweka kando.

Kuhusu matokeo nisikufiche: baada ya amri za Uingereza, nakala za tovuti zile zile zilichipuka kwa majina mengine. Kufunga kunapunguza wapita njia, yule ambaye angebonyeza kwa uvivu. Mwenye nia anapita. Mimi ninaona kuna faida ndogo ya kweli hapo, lakini ni ndogo, na bei yake inalipwa na lokateri wengine wa parsele.

Hofu yako ya WhatsApp haikutoka hewani. Sheria ya telekomu ya 2002, kifungu cha 46, iliipa serikali uwezo wa kukataza matumizi ya mitandao, yote au sehemu, kwa muda na mahali inapotaka. Kwa uwezo wa namna hiyo tulikatiwa SMS Desemba 2011, intaneti Januari 2015, mitandao ya kijamii Desemba 2016. Agosti 2017 opereta waliagizwa kupunguza uwezo wa kutuma picha. Halafu ikaja tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, mtandao ukazimwa kwa karibu siku ishirini. Sheria ile imeshafutwa na nyingine, namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, lakini serikali imejiachia mlango wa kupitia kwa jina la usalama na utulivu wa umma.

Ila angalia vizuri: hakuna hata mara moja kati ya hizo ambapo muziki wa wizi ulitajwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wewe kidogo. Unafikiri sheria ya kulinda nyimbo ndiyo itakayoleta kukatwa kwa WhatsApp. Kwetu kukata kulikuja kwanza, bila kisingizio cha nyimbo. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kwamba utaratibu wa kila siku wa kufunga, wenye orodha na masini tayari zimeshafungwa ukutani, utarahisisha siku ile nyingine. Leo opereta anaweza kujibu "hatuna mtambo wa kufanya hivyo". Akishanunuliwa mtambo kwa ajili ya filamu, hilo jibu linakufa.

Mambo matatu, basi, msiyachanganye tena mkikaa kubishana hapo kioskini. Kuondoa ni kuutoa wimbo kule ulikowekwa, na hapo aliyekosea ndiye anayeguswa. Kufunga ni kuuacha wimbo palepale na kuwazuia watu wa nchi fulani wasifike. Kukata ni kuzima barabara nzima, pamoja na wanaotuma pesa za hospitali. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisema tarehe 25 Juni 2020 kwamba Togo ilivunja haki za watu kwa kuzima intaneti 2017. Sisi hatumo ECOWAS, amri ile haitufungi. Lakini Kongo imo katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, na Tume ya mkataba huo ilitoa tamko 2019 lenye kanuni ya 38 inayosema serikali zisiingilie haki ya watu kupata habari kwa kufuta, kufunga au kuchuja bila sababu inayokubalika katika haki za binadamu. Mawakili wanaitaja. Si panga, ni fimbo ya kutembelea.

Mtoto wa shangazi yako anahitaji lile la kwanza: kuondoa. Na habari njema ni kwamba hahitaji serikali. Kwanza akusanye ushahidi: faili ya asili kutoka studio, tarehe yake, ujumbe wa WhatsApp alioandikiana na aliyerekodi, karatasi ya malipo kama ipo. Ajiulize kwa uaminifu kama wimbo ni wake wote. Nyimbo nyingi za kanisa hapa kwetu zimejengwa juu ya mdundo uliochukuliwa YouTube, au ni tenzi ya kigeni iliyotafsiriwa, na wakati mwingine mwimbaji mwenyewe ndiye aliyempa diskijoki "autangaze". Ukilalamika juu ya kitu ambacho nawe ulikichota, utaumbuka.

Baada ya hapo aandike kiungo kamili cha ukurasa wenye wimbo, si jina la tovuti peke yake, na apeleke lalamiko kwa tovuti. Wakinyamaza, apeleke kwa kampuni inayoihifadhi, na pia kwa Google ili ukurasa utoke kwenye matokeo. Kampuni nyingi za kuhifadhi ziko Marekani au zinafuata sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, na sheria hiyo inawapa sababu nzuri ya kusikia: wakiondoa haraka baada ya kupata lalamiko sahihi, hawashitakiwi kwa kosa la mteja wao. Fomu ni za bure. Kuna vijana mjini wanaotoza dola hamsini kwa kujaza fomu hiyo; mwambie asitoe hata franka. Pia ajiandikishe SOCODA, shirika letu la kukusanya haki za watunzi. Najua wanamuziki wana ya kusema juu ya malipo, ila jina na tarehe vikiwa kwenye daftari la mtu mwingine vinasaidia siku ya ubishi.

Hata kuondoa kuna hila zake, na hapa suala la uhuru wa kusema linarudi kwa mlango wa nyuma. YouTube ikipokea malalamiko matatu halali kwa muda mfupi inaifunga chaneli. Watu wamelijua hilo. Mwanasiasa aliyesemwa vibaya, mchungaji aliyehojiwa juu ya sadaka, wanaweza kumtumia mtu adai kwamba sekunde kumi za video ni zake, na video ya ukosoaji ikashuka. Aliyeonewa ana haki ya kujibu kwa maandishi. Mlalamikaji asipokwenda mahakamani, kazi hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi. Wengi hawajibu kwa sababu barua imekuja kwa Kiingereza na inataja viapo.

VPN ni hivi. Badala ya kuipeleka bahasha yako moja kwa moja, unaitia ndani ya bahasha nyingine na kuituma kwa mtu wa Ndola. Yeye anaifungua na kuipeleka inakokwenda. Opereta wako anaona Ndola tu. Lakini mtu wa Ndola sasa anaona yote uliyokuwa unamficha opereta, na kama huduma ni ya bure, fikiria analipwa na nani. Desemba 2016, mitandao ya kijamii ilipofungwa, waliokuwa na VPN waliendelea kuongea. Mwanzo wa 2019 haikusaidia kitu, maana barabara yenyewe ilikuwa imezimwa. Wenzetu wa Goma walikaribia mpaka wakanasa mtandao wa Rwanda, na sisi Kasumbalesa iko kilomita kama tisini. VPN ni chombo kizuri kwa mwandishi wa habari, kwa daktari, kwa yeyote anayetumia wifi ya hoteli. Kwa kazi yako haibadili kitu chochote: filamu uliyoipakua kupitia Ndola ukiiuza hapo komini Kenya, ni ile ile. Na ikiwa tovuti imekufa, kama ninavyodhani, VPN itakula mega zako bure.

Sasa mkate wako. Watu wengi wananiambia "basi niuze zile za zamani, hazina mwenyewe". Zina. Kwa sheria yetu kazi inalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwenda Jean Bosco, ambaye gitaa lake mtafiti wa muziki Hugh Tracey alilirekodi Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952, alifariki 1990: tungo zake zina wenyewe mpaka 2040. Na filamu za kigeni zilizotiwa sauti ya Kiswahili nazo hazijawa huru kwa kutafsiriwa. Kutafsiri pia kunaombewa ruhusa.

Ningekuwa mimi, ningeanza na waimbaji wa hapahapa. Wako Katuba, wako Kamalondo, wako kwaya za kila parokia, na wengi wanatamani mtu wa kuwasambazia. Andikeni karatasi moja: jina la wimbo, bei ya nakala, fungu lake na fungu lako, tarehe, sahihi mbili. Umeshakuwa msambazaji halali. Halafu weka kazi zisizohitaji ruhusa ya mtu: kuhamisha picha za harusi kutoka simu iliyovunjika, kutunza mazungumzo ya WhatsApp mtu anapobadili simu, kuchapa, kuskani. Kuna pia programu ya Kiwix, inayoiweka Wikipedia nzima kwenye kadi memori isomwe bila intaneti. Ile ya Kifaransa bila picha ni gigabaiti kadhaa, na leseni yake inakuruhusu kuinakili na kuiuza. Wanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa wakati wa mitihani watakupenda. Sitakudanganya kwamba itajaza pengo: mteja wa Ijumaa jioni haji kutafuta ensiklopedia. Mapato yatashuka kwanza, kwa hiyo badilisha polepole, juma kwa juma, usivunje kioski siku moja.

Jambo moja lililo nje ya maswali yako, ila linakuhusu kuliko filamu. Kioski ni mahali pa habari. Video za WhatsApp unazohamisha na kusambaza zinaangukia kifungu cha 360 cha ile Code du numérique: anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mtandao anaweza kupata mwezi mmoja hadi sita jela, au faini ya franka 500,000 hadi milioni moja, au vyote viwili. Waandishi wa habari wanalilalamikia kifungu hicho, na mimi niko pamoja nao, kwa sababu neno "uongo" linampa mwenye nguvu nafasi kubwa. Lakini kipo. Kwa hiyo pale rafiki yako anapotangaza kwa sauti kwamba serikali imefunga tovuti fulani, na kumtaja mkubwa fulani kwa jina, mwambie afanye kwanza kile kipimo cha kadi ya pili.

Ukipata karatasi ya kuitwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka) au polisi, hapo niache mimi, tafuta wakili ana kwa ana kabla ya siku uliyopangiwa. Kama huna pesa, nenda barreau, chama cha mawakili, ukaulize ofisi yao ya mashauri ya bure. Ipo kwa ajili ya watu kama wewe. Wakija kukamata vifaa, usibishane na usikimbie. Omba PV, yaani karatasi ya ripoti yao, iandike kimoja kimoja: ordinatere aina gani, flashi ngapi, za rangi gani, kadi ngapi. Usisaini iliyoandikwa "vifaa mbalimbali", na kama Kifaransa chake hukukielewa, sema hivyo na iandikwe. Flashi za wateja zitenge tangu leo kwenye kopo lake, kila moja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta, maana wao watakuja kuzidai kwako Jumamosi hata kama wewe uko parke.